Bahari ya Mutembei

Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo, na samaki wote walikifuata kidole kile wakidhani ni chakula. Mimi nilikuwa upande wa pili wa tangi nikisugua ukungu wa kijani, kwa hiyo niliuona uso wake kupitia majini, umetanuka na kuyumbayumba, kabla yeye hajaniona. Nilimjua papo hapo. Mtu aliyekutoa kwenu humsahau hata ukimwona amezama.

"Nataka kama hili," alimwambia Bi Urmila, mwenye duka. "Ila liwe kubwa zaidi."

Huyo ndiye Mutembei, mdogo wake baba yangu. Baba alipofariki, kwetu Muleba, nilikuwa darasa la sita. Ukoo ulikaa chini ya paa letu, ukatafuna kahawa yetu, ukaamua kwamba mtoto wa kike haachiwi kibanja, shamba la migomba na kahawa la ukoo, kwa kuwa siku moja ataolewa na kukihamishia kwa watu wengine. Kibanja akapewa Mutembei akitunze. Mama akarudi kwa kaka zake Nshamba. Mimi nikamaliza la saba, nikafaulu, na kwa kuwa hapakuwa na aliyeuliza nimefaulu nini, nikaja Bukoba kutafuta kazi.

Hayo yote ningeweza kuyameza. Lakini baba tulimzika mle kibanjani, kama tunavyozikwa sisi wote, kati ya mibuni na mlamula, mti unaopandwa mpakani. Miaka ikapita, ndipo tukasikia kwamba Mutembei ameifyeka migomba na kujenga nyumba ya wageni, na kwamba kaburi limesawazishwa pamoja na mashimo mengine. Waliotuletea habari walizisema kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja ugonjwa wa aibu. Mama hakulia. Aliacha tu kuzungumzia Muleba, na tangu siku hiyo mimi nikaanza kuizungumzia kimoyomoyo, kila siku.

Bi Urmila ni mjane wa mzee Pradip. Duka lake linauza pampu, mabomba na vifaa vya umeme, na nyuma ya kaunta limesimama tangi la maji ya chumvi alilolianzisha marehemu, ambaye aliwahi kusema kwamba mtu hawezi kukaa na ziwa maisha yake yote bila kuitamani bahari. Wanawe, Jay na Trupti, walishaondoka nchini. Yeye amebaki na duka, na samaki, na mimi.

"Immakulata atakuchagulia vifaa," alimwambia Mutembei. "Mimi macho yamechoka. Kila kitu humu ndani kinapita mikononi mwake."

Aligeuka, akanitazama kama mtu anavyotazama kiti kabla ya kukikalia. Akauliza natoka wapi. Nikamjibu Ijuganyondo, na sikudanganya, maana ndiko nilikopanga chumba. Nyumbani waliniita Kokugonza, na sura aliyoiacha ilikuwa ya mtoto. Akasema vizuri, vizuri sana, binti wa mjini. Akaeleza jinsi alivyoona tangi la namna hiyo katika hoteli moja Dar es Salaam, wageni wamelizunguka kama wanasali, na kwamba Muleba nzima hakuna aliyewahi kuiona bahari ikiwa sebuleni. Siku ya ufunguzi wa nyumba yake ya wageni angeualika ukoo wote.

Aliposema ukoo wote, kitu kilitulia ndani yangu. Nimekuwa mtu wa kungoja tangu utotoni. Nilichokosa kilikuwa ni kitu cha kungojea.

Vifaa nilimchagulia kwa haki. Kioo kinene, kwa sababu maji ni mazito kuliko yanavyoonekana. Pampu ya kuyazungusha na chujio lenye nguvu, kwa kuwa samaki wa bahari hufa kwa uchafu wake mwenyewe kabla ya kufa kwa njaa. Hita, maana vilima vya Muleba vina baridi ya asubuhi ambayo pwani hawaijui. Betri ya kushika zamu umeme ukikatika. Chumvi maalumu ya bahari kutoka Dar, na kipimo chake. Mawe yaliyotoka baharini, yenye vijidudu visivyoonekana vinavyokula sumu ya majini, na ambavyo lazima vipewe wiki kadhaa vizoee kabla ya samaki wa kwanza kuingia. Mutembei aliitikia bila kusikiliza. Alikuwa akipitisha picha za samaki kwenye simu.

"Huyu. Na huyu. Hawa wadogo wa rangi ya chungwa, hawa kumi. Huyu wa bluu."

"Ndiyo, baba," nilisema kila mara.

Kisha nikamwonyesha mmoja ambaye hakumwomba. Kikande mchanga, mdogo kama kiganja, ana madoadoa meupe tumboni na mdomo wa njano kama aliyepakwa rangi kwenda harusini. Mutembei akampenda. Kila mtu humpenda kikande akiwa mdogo. Sikumwambia kwamba meno yale huvunja makombe na kaa, kwamba haishi na mwenzake bila kumtafuna mapezi, na kwamba wale kumi wa rangi ya chungwa angewamaliza mmojammoja, bila haraka, mbele ya wageni.

Alipoondoka, Bi Urmila alikunja miwani yake.

"Yule kikande hakai na wenzake. Umemwambia?"

"Hajauliza, mama."

Alinitazama. Wakati huo nilikuwa sijamsimulia habari za kwetu, lakini ameishi katika mji ambao watu wake wamehama mmoja baada ya mwingine, na anaijua sura ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Samaki hana ugomvi na mtu, Kulata," alisema, akaenda kufunga mlango wa stoo.

Nilikwenda Muleba na vifaa nyuma ya gari la mizigo. Nilijiambia sitatazama huku wala huku. Nitafunga pampu, nitaondoka. Lakini macho hayaagizwi. Ilipokuwa migomba palikuwa na changarawe. Ulipokuwa mlango wetu palikuwa na ubao wenye jina la nyumba ya wageni na picha ya pomboo, mnyama ambaye hata mwenye ubao sidhani kama angeweza kumtaja. Mbuni mmoja tu ulikuwa umebaki, umepakwa chokaa shinani.

Mutembei alinipokea kwa fahari. Alikuwa ameshaanza kazi bila kuningoja. Tangi lilikuwa limekaa juu ya meza yake ya chuma, limejaa hadi shingoni maji aliyoyaleta kwa gari kutoka ziwani, na kando yake palikuwa na magunia matupu ya chumvi ya jikoni.

"Mmeniuzia ile ya Dar kwa nini?" alisema akicheka. "Chumvi ni chumvi. Maji tunayo, Mungu alitupa ziwa zima. Nimeonja mwenyewe, ni bahari kabisa."

Moyo wangu uliruka kwa furaha mbaya. Sikuwa hata na haja ya kikande. Ningeitikia ndiyo baba, ningewasha pampu, na siku ya ufunguzi samaki wote wangeelea matumbo juu mbele ya ukoo. Mikono yangu ingekuwa safi. Nikafungua mdomo kusema ndiyo baba.

Ndipo nikatazama dirishani. Nje, mpakani, mlamula ulikuwa bado umesimama. Hakuna Mhaya anayethubutu kung'oa mlamula, hata huyu. Nikautazama, kisha kupitia mlango ulio mkabala nikautazama mbuni wenye chokaa, na macho yangu yakavuta mstari yenyewe kati ya miti hiyo miwili, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mtoto nilipotumwa kupeleka maua kaburini. Mstari ulipita dirishani, ukakatiza sebule, ukapita kwenye miguu ya chuma ya lile tangi.

"Nani alichagua mahali hapa?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka vizuri tu.

"Fundi. Alisema sehemu nyingine zote udongo ni mlegevu, sakafu inaweza kupasuka kwa uzito. Hapa ndipo palikuwa pameshindiliwa." Akagonga kigae kwa kisigino. "Mimi siku wanasawazisha sikuwepo. Lakini pazuri, sivyo? Ukiingia tu unaiona."

Nilihisi baridi ya vigae ikipanda kupitia ndara zangu. Nilijua tuliposhindilia. Nilikuwepo, wanaume walikanyaga kwa miguu, na mama alishikwa mabega.

Hapo nililiona jambo ambalo hasira yangu ya mjini haikuwa imelifikia. Samaki wakifa, Mutembei ataaibika kwa siku moja. Watu watacheka, kisha watakula. Kesho yake tangi litatolewa, mahali pake patawekwa televisheni, na mimi sitakuwa tena na sababu yoyote duniani ya kuvuka kizingiti kile. Lakini samaki akiishi, lazima mtu aje kumtunza.

"Maji haya yamwagwe," nilisema. "Yote. Na yasimwagwe karibu na mbuni."

Alinung'unika kuhusu usumbufu na kuhusu wasichana wa siku hizi. Nilisimama palepale mpaka wafanyakazi wake walipoleta ndoo.

Nilichanganya maji upya kwa chumvi ya bahari, nikapanga mawe, na kwa wiki zote za kungoja nilirudi kupima. Mutembei alinizoea kama anavyozoewa fundi wa dishi. Samaki waliposhuka na ndege kutoka Dar, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa maji na hewa, niliwaacha wengine wote kwenye tangi la Bi Urmila. Muleba nilimpeleka kikande peke yake.

Mutembei alikasirika. Alisema nimemfanya kichekesho, bahari nzima na samaki mmoja, kama kanisa lenye muumini mmoja. Nikamngojea amalize.

"Wengine wangekufa," nilimwambia. "Huyu ukimtunza anaishi miaka mingi kuliko ng'ombe. Lakini anahitaji mkono mmoja anaoujua. Nitakuja mwenyewe. Sitaki malipo. Nataka ufunguo wa sebule hii, na tangi lisihamishwe hapa lilipo, hata ukipaka rangi nyumba nzima."

"Hutaki malipo? Wewe ni binti wa nani?"

"Wa kaka yako, baba mdogo."

Alikuwa mtu wa maneno mengi, na niliyaona yakimfika mdomoni na kurudi. Alitazama mlangoni, kama anayetafuta nani mwingine amesikia. Kisha akasema nimekua. Nikasema ndiyo. Akasema ukoo ndio uliamua, yeye alitii tu. Nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Kadi za mwaliko zilishafika hadi Biharamulo, na hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kuendesha ule mtambo. Ufunguo aliuweka mezani badala ya kunipa mkononi.

Siku ya ufunguzi nilisimama karibu na ukuta. Kikande alifanya yote niliyojua atayafanya: alihamisha mawe kwa mdomo, akarusha maji nje, akawazungushia wageni jicho moja huku jingine likitazama kwingine. Walimpenda sana. Mutembei, aliyekuwa ameshatia kinywani kitu kikali kuliko soda, akataka kuwaonyesha kwamba samaki anakula mkononi mwake. Sikumzuia. Alipotoa kidole kilikuwa kinavuja damu kwenye mkono wa kanzu yake nyeupe.

Mzee Lameki, ambaye siku ile ya kikao cha ukoo ndiye aliyesoma uamuzi, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mutembei, muulize huyo ni wa ukoo gani. Naona wako ameukataa."

Sebule nzima ikacheka. Mutembei naye akacheka, kwa meno tu. Mimi nikasogea, nikakunja mkono wa gauni, nikaingiza kiganja majini, na kikande akaja akachukua dagaa kati ya vidole vyangu taratibu, kama mtoto anayepewa ekaristi. Kicheko kikafa. Lameki alinitazama usoni kwa muda mrefu, akavua kofia, akaipachika tena. Nadhani alimwona baba. Wengi husema nimefanana naye kwenye paji.

Nilidhani ningeondoka pale nimeshiba. Sikushiba. Lakini njaa yangu ilibadilika ladha, na hata leo siwezi kusema kama hilo ni jambo jema.

Sasa mimi huja kila juma. Hupiga magoti sakafuni, maana kioo cha chini hakisuguliwi ukiwa umesimama, na hakuna anayeona ajabu. Kikande amekuwa mkubwa kama sahani. Mutembei hamkaribii, ameagiza kiti chake kihamishiwe barazani, na wageni wakimwuliza habari za samaki huwaelekeza kwangu. Nimesikia amejaribu kumwuza kwa mtu wa Kitendaguro, na yule mtu akamwuliza kama ni kweli huuma.

Wiki iliyopita nilikuwa nimeinama, shavu langu karibu na vigae, nikisugua ukingo wa chini na kumwambia Tata, baba yangu, habari za nyumbani kwa Kihaya: mama anaendelea vizuri, mvua za Nshamba zimechelewa, Bi Urmila anamsalimu ingawa hawakujuana. Sikusikia mlango. Nilipoinua macho niliona viatu vya Mutembei karibu na ndoo yangu. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Unaongea na samaki?" aliuliza.

"Hapana."

Alingoja niseme zaidi. Mimi nikasuuza kitambaa, nikakikamua, nikaendelea kusugua. Pampu ilikuwa inanguruma polepole. Akatazama tangi, akatazama dirishani, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake yakitafuta kitu kule nje, yakikipata, yakirudi ndani kwa mstari ulionyooka. Yalifika kwenye magoti yangu. Kisha yakashuka kwenye viatu vyake mwenyewe.

Aliinua mguu mmoja, akaushusha nyuma, akainua wa pili, akienda kinyumenyume kigae baada ya kigae, kama mtu anayetafuta ni wapi ndani ya nyumba yake anaruhusiwa kukanyaga.