Namba ya Jua la Sakina

Mashine ilisema moja. Saa sita unusu, jua la Februari limesimama wima juu ya mabati ya mtaa wa Sakina, mbwa wamejificha chini ya magari mabovu ya mafundi, na kile kioo kidogo cha mashine, juu ya kabati la Tabitha, kinasema bila haya kwamba mionzi inayounguza ngozi ni moja tu, kama ya alfajiri. Mwalimu Sumari, mwalimu mkuu, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Mama Agnela," alisema kwa upole uliouma kuliko ukali, "mashine yako mwenyewe inasema jua halina neno."

Tabitha aligonga kioo kwa kidole, namba haikubadilika. Binti yake Agnela, mwenye ualbino, alisimamishwa mstarini shuleni kila mchana pamoja na wenzake, na kila wiki shingo na masikio yake yalichubuka upya. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alitaka ushahidi, maana kila mzazi, alisema, ana sababu ya mtoto wake kukaa kivulini. Akampa hadi Jumatatu.

Na ushahidi ndio uliokuwa kazi ya Tabitha. Miaka kumi na tisa alipima mvua na jua kwenye kituo cha hali ya hewa kule Olmotonyi, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Mtafiti mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mtambo ule: mlingoti uani, na juu yake vipimo viwili vidogo, kimoja cha nguvu ya mwanga, kingine cha mionzi inayounguza. Majirani walimtania kwamba kazi imemwacha lakini yeye hajaiacha.

Basi akaanza kupekua. Akasugua vichwa vya nyaya, akabadilisha waya, akapanda ngazi na bilauri ya maji kuhakikisha vipimo havijainama. Cha mwanga kilipanda vizuri tu. Cha mionzi kikaganda kwenye moja. Manase, fundi redio wa barabarani, alikitazama kwa mbali akatangaza msiba: kimekufa, mama, pole.

Jumamosi mchana Tabitha alikaa kizingitini. Miaka yote ile, halafu kidude kisichozidi kizibo cha soda kimfedheheshe mbele ya watu! Agnela alikuwa kwenye banda la kuku akiokota mayai, anaimba, kichwa wazi. Mama akamkaripia, kofia iko wapi.

"Humu siungui, Mama," mtoto akajibu. "Hata nikikaa sana. Mwanga upo, lakini hauchomi."

Tabitha akanyanyua macho. Paa la banda lilikuwa nailoni inayopitisha mwanga, aliyoletewa na jirani yake Ruth kutoka shamba la maua. Ruth alishajisifu kwamba hiyo si nailoni ya dukani. Imetengenezwa kuchuja jua ili waridi jekundu lisiungue na kuwa jeusi. Na kipande kilichobaki? Ee Mungu wangu. Kilichobaki, yeye Tabitha, mtu asiyetoa hata plastiki ya makochi ya sebuleni ili yasichakae, alikuwa amevifunga nacho vipimo vyake visiingie vumbi. Mwanga ulipita, mionzi ikabaki nje.

Akapanda ngazi na kisu cha jikoni, anacheka peke yake. Akakata. Ndani ya nyumba, Agnela akawa anasoma kioo kwa sauti: tano, tisa, kumi na moja. Kumi na tatu. Tabitha alifurahi, akamwambia arudie kusoma. Mtoto alikuwa akilijua hilo kwa ngozi yake siku zote, na hakuna aliyemuuliza.

Jumatatu saa sita unusu, Mwalimu Sumari alikuja amefuatana na Agnela. Akasoma kumi na tatu. Tabitha akapanda akafunika kipimo kwa nailoni, namba ikashuka hadi moja, akafunua, ikapanda, kisha akamwonyesha nailoni hiyohiyo kwenye paa la banda la kuku. Mwalimu akavua miwani, na safari hii hakuivaa tena. Aliitazama shingo ya yule mtoto kwa muda mrefu, kisha akageukia banda.

"Hiyo nailoni ya kuku," aliuliza taratibu, "inaweza kufunika watoto wangapi pale mstarini?"

Agnela alikuwa ameshaanza kuwatoa kuku.