Ubavu wa Upande wa Dereva

Nguzo ya geti ndiyo iliyosogea. Hivyo ndivyo Mzee Honi alivyowaambia majirani, na aliyetaka kucheka alikaziwa macho mpaka kicheko kikamkaukia mdomoni. Nguzo ya zege, imesimama pale tangu nyumba inajengwa, asubuhi moja ikaamua kusogea kidogo, ikauponda ubavu wa pikapu kuanzia nyuma ya mlango wa dereva mpaka kwenye taa ya nyuma. Basi. Mwenye swali akaiulize nguzo.

Ukweli ni kwamba mkewe ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alikata kona mapema, akasikia bati linalia, na kwa kushtuka, badala ya breki akakanyaga mafuta. Bati likajikunja kama kopo lililopitiwa na tairi.

Sasa hiyo pikapu, ngoja kwanza, maana mtu anaweza kudhani ni gari tu. Ilikuwa ya zamani, ya zile zenye mabega ya mviringo na taa kama macho ya mtu aliyeitwa ghafla. Rangi yake chai ya maziwa, maziwa yakiwa mengi. Mzee aliinunua bado ana nywele. Walihamia nayo, wakabebea nayo matofali ya nyumba hiyo hiyo, na kifungua mimba wao nusura azaliwe humo, juu ya magunia ya mkaa. Hata jina la Honi lilitoka humo, kwa kuwa mzee hakuwahi kupita kona bila kupiga honi, hata kona ya uani kwake ambako hakuna mtu ila kuku.

Halafu macho yakaanza kumchezea. Siku moja alisimamisha gari ampe lifti mtu aliyesimama kando ya barabara, akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, na yule mtu akawa ni pipa la takataka. Mkewe akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva, akasema, "Sogea huko." Na mzee akasogea.

Ndivyo yule mama alivyojifunza kuendesha, wajukuu wameshaota meno. Na aliipenda kazi hiyo, jamani! Mtu aliyekuwa akienda sokoni kwa kulalamika, sasa chumvi ikipungua robo ya kikopo anatafuta ufunguo. Kila wiki walikwenda kwa binti yao, huko juu vilimani, mama anaendesha na kusengenya madereva wengine, mzee kajilaza kitini anasikiliza, wala hakutaka kitu zaidi ya hapo duniani.

Tangu nguzo isogee, kimya. Mama aliutumbukiza ufunguo ndani ya birika lisilotumika, akafunga kabati.

"Mimi na usukani basi," alisema. "Nimekuharibia gari lako."

"Gari letu, mama watoto."

"Lilikuwa letu likiwa zima."

Neno hilo lilimkaa mzee kifuani. Usiku akageuka huku, akageuka kule, akaona dawa ni moja: ubavu uwekwe mpya kabisa, usiwe hata na mkwaruzo. Mke wake akiangalia asione kosa, labda atalifungua kabati.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa bodi za magari ambaye watu humwita Nyundo. Wote wawili wazee, lakini wakikutana utadhani watoto waliotoroka shule.

Nyundo aliuzunguka ubavu, akaupapasa, akasonya. "Shemeji, huu haunyooshwi. Umekunjika mpaka kwenye maungio. Tunautoa wote, tunaweka mwingine."

"Si uugonge kidogo tu? Si unaitwa Nyundo?"

"Na wewe unaitwa Honi. Ipige basi, tuone kama utanyooka."

Akapatikana muuza magari mabovu mji wa pili, mwenye pikapu pacha wa hiyo. Injini imekufa lakini mbavu nzima. Mzee hakutaka kusemewa, akapiga simu mwenyewe, sauti juu mpaka jikoni.

"Ubavu upi, mzee wangu?"

"Wa upande wa dereva."

"Una uhakika?"

"Kijana, upande huo nimeukalia hata baba yako hajaoa."

Siku ya kazi Nyundo alikuja na drili, na grainda, na maneno mengi. Wakashusha mlango wa nyuma wa bodi, wakachomoa taa, wakafunga nyaya zake kwa kitambaa. Pale ubavu ulipochomelewa kiwandani, Nyundo alitoboa nukta moja moja za kuchomelea, taratibu, ili bati liachie bila kuichana sakafu. Boliti zilizoganda kwa kutu zilinyweshwa mafuta, zikabembelezwa, zikatukanwa, zikatoka. Muda wote huo mama alikuwa dirishani jikoni anasugua sufuria. Sufuria moja tu. Ilikuwa imeshang'aa kama kioo na bado anaisugua.

Ubavu wa zamani ukaegemezwa ukutani. Mara lori la mizigo likaleta mwingine umeviringishwa blanketi, likaushusha, likaendelea na safari yake.

"Hatuchomelei kitu bado," Nyundo alionya. "Tunaupachika kwanza, tunarudisha mlango wa nyuma. Mlango ukifunga sawasawa, ndiyo tunawasha moto."

Wakaunyanyua. Haukai. Wakaugeuza. Haukai. Nyundo akaushusha chini, akavua kofia.

"Shemeji, tumbo lake linatazama ndani."

"Geuza."

"Nikigeuza, tao la tairi linatazama mbinguni."

"Geuza tena!"

"Nikigeuza tena, hapa atazimia mtu. Huu ni ubavu wa kushoto."

"Mimi nilisema upande wa dereva!"

Wakapiga simu, sauti ikawekwa juu, uwanja mzima unasikia. "Mzee wangu," muuzaji akajibu kwa upole, "nimekuletea upande wa dereva. Pikapu yangu ilitoka nchi wanazoendeshea upande ule mwingine. Usukani wake uko kushoto."

Mzee Honi alisimama na simu mkononi. Halafu dirishani ikasikika sufuria inaanguka kwenye sinki, na mama akatoka mpaka kizingitini, akakaa chini na kanga yake mbichi, akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu zake mwenyewe.

"Una uhakika?" akamwigiza muuzaji, kisha mumewe. "Kijana, nimeukalia!"

Mzee alitaka kukasirika, akashindwa. Alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu siku ya nguzo.

Muuzaji alikuwa bado hewani. Ubavu wa kulia upo, alisema, waulete huo wa kushoto atawabadilishia, lakini wafike leo leo, kuna mtu mwingine anautaka.

Nani aende? Nyundo amenyoosha magari ya mji mzima lakini kuendesha hajui. Maisha yake yote aliyasukuma tu. Mzee, tumeshaona, angesimama kusalimiana na mapipa.

"Tutakodi gari," mzee akasema.

Mama akainuka. "Tukodi gari likabebe ubavu wa gari? Na gari lenyewe limekaa hapa?"

"Halina ubavu, mama watoto."

"Magurudumu linayo?"

Nyundo akafungua mdomo, mzee akamkanyaga mguu. Ndani kabati likalia, mfuniko wa birika ukaanguka, mama akarudi amebadili viatu.

Wakaufunga ubavu kwa kamba juu ya bodi, blanketi chini yake. Upande wa kulia pikapu ilikuwa wazi, tairi limekaa nje kama goti la mtu. Mama akaiwasha, ikakohoa, ikakubali. Ikasogea mpaka getini, ikasimama.

Mzee, pembeni yake, nguzo aliiona kama kivuli cheupe tu. Lakini mikono ya mkewe aliisikia ikifuta jasho kwenye kanga.

"Baba watoto," alisema polepole. "Nikiharibu tena je?"

Mzee alikuwa na maneno mazuri, ameyaandaa siku nyingi. Yote yakamkimbia.

"Upande huo," akasema, "hakuna cha kuharibu."

Kisha kiti kikaanza kutikisika, na mzee akajua mkewe anacheka. Gia ikaingia. Nyundo akatangulia mbele akirudi kinyumenyume, anapunga mikono yote miwili: "Njoo dada, njoo, nyoosha, bado, bado, sasa kata!" Mama akakata. Nguzo ikapita dirishani, ikapita mlangoni, ikapita pale pasipo na kitu, ikabaki nyuma.

Barabara ilikuwa tupu na mama akakanyaga mafuta.

"Dada! Nisubirini! Mimi ndiye wa kuushika ubavu!"

Mzee akatoa kichwa nje. Alimwona shemeji yake kama doa linaloruka-ruka vumbini.

"Tumsubiri?" akauliza.

"Ana miguu," mama akasema, akaongeza gia. "Atatukuta kwenye kona. Wewe nyoosha mkono huku upige honi, mkono wako si mzima?"