Kuulizwa Mara Tatu

Uani kwa mjomba Agyeman, mjini Techiman, chupa mbili za kinywaji zilikuwa mezani, hazijafunguliwa. Ukoo wa kina Amponsah ulizileta kumposa Birago kwa ajili ya kijana wao, Amponsah, nao ukoo wa Birago usingezipokea mpaka binti mwenyewe aulizwe mara tatu.

"Birago," akauliza mama mdogo Konadu, "tupokee?"

"Pokeeni."

Vigelegele.

"Tupokee kweli, au kesho utasema tulikuuza?"

Watu wakacheka. Birago hakucheka. Alimtazama Amponsah kwanza, na Amponsah akamwashiria kwa kidevu. Ndipo akajibu, "Pokeeni."

Mama mdogo aliliona hilo. "Ngojeni kidogo, kilemba chake kimelegea." Akamshika mkono, wakaingia ndani. Birago akauma meno kwa maumivu. Mama mdogo akapandisha mkono wa gauni, akakuta alama za vidole vinne, damu imevilia.

"Nani kakufanya hivi?"

"Ni wivu tu, mama. Nilichelewa kutoka darasa la jioni. Ananipenda mno."

"Simu yako iko wapi?"

"Anayo yeye. Huisoma kila siku."

"Na rafiki yako Efe, mbona leo simwoni?"

"Amponsah alinikataza kusema naye."

Birago alijisikia akiyataja moja baada ya jingine. Hakuwahi kuyasikia yote kwa pamoja. Machozi yakamtoka.

"Nami niliuita upendo, miaka sita," akasema mama mdogo. "Hakuna aliyenivuta pembeni. Mimi sikulazimishi, mwanangu. Ila lolote utakalojibu, nitakuwa nimesimama karibu yako."

"Mbele ya watu wote wale? Na fufu imeshatwangwa!"

"Fufu tutaila sisi."

Birago akafumba macho. Ee Mungu, nipe sauti. Wakatoka.

"Birago, kwa mara ya tatu. Tupokee?"

"Hapana."

Amponsah akasimama. "We! Njoo hapa sasa hivi!"

Sauti ile Birago aliizoea, lakini siku zote alikuwa akiisikia peke yake. Leo koo mbili zimeisikia. Mama mdogo akamnong'oneza mjomba Agyeman habari ya simu, naye mjomba akazichukua chupa, akazirudisha mikononi mwa wazee wa kina Amponsah.

"Mmesikia kama tulivyosikia. Nendeni salama. Na simu ya mtoto ibaki."

Jioni Birago alipiga magoti kwa muda mrefu. Alishukuru kwa ajili ya mama mdogo aliyeona, na mjomba asiyebisha. Alishukuru hata kwa desturi ile, ambayo zamani aliiona mchezo wa wazee tu, kwamba ilimwachia nafasi moja zaidi ya kusema.

Alipoinuka alimkuta Nhyira, binti wa mama mdogo, amesimama mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na saba.

"Dada, ulijuaje kwamba si mtu mzuri?"

"Sikujua. Niliulizwa."

Nhyira akachezea ncha ya kitenge chake. "Wangu naye hutaka nimtumie picha kila nilipo. Nisipotuma, hanisemeshi siku mbili."

Birago akaketi kitandani, akasogea kumpa nafasi.

"Kaa hapa," akamwambia taratibu. "Imeanza lini?"