Yule Anayejibu "Bado"

Kwetu Penang, huku Malaysia, hatuanzi na habari za asubuhi. Tunaulizana, "Umeshakula?" Na jibu ni moja tu, hata kama tumbo linanguruma: "Nimeshakula." Ukisema bado, mwenzio itambidi akulishe, na huko ni kumtwisha mtu kazi.

Mama yangu, Gaik Sim, amesahau mengi. Ugonjwa wa Alzheimer umemnyang'anya njia ya sokoni, umemfanya aache jiko likiwaka, na siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake. Swali lile tu hajalisahau. Basi mimi na kaka yangu Kheng Huat tulipoanza kumtafutia nyumba ya kulelea wazee, nilisema twende naye. Nilichoogopa ni kimoja: kumwacha mahali atakaponyamaza.

Ya kwanza ilikuwa chaguo la kaka. Chemchemi mlangoni, sakafu unajiona uso. Mama akamuuliza muuguzi, "Umeshakula?"

"Nimeshakula, Bibi."

Akauliza tena.

"Bibi, si nimeshakujibu?"

Alipouliza mara ya tatu, yule dada akaongeza sauti ya televisheni. Mama hakusema neno tena mpaka tukaondoka.

"Lakini umeviona vyoo vyao?" kaka akaniuliza garini.

"Nimeviona. Hamia wewe."

Ya pili walizungumza na sisi tu, Mama kama hayupo. Nikaanza kukata tamaa.

Ya tatu rangi imebanduka, na paka amelala kwenye kiti cha wageni. Kaka akakunja pua. Barazani alikuwepo mzee mnene, Bwana Ooi, dereva wa basi mstaafu.

"Umeshakula?" Mama akamuuliza.

"Bado," akajibu, hana hata haya.

Mama akashtuka. "Bado? Saa hizi?"

"Nakufa njaa, dada. Hakuna anayenijali."

"Mwongo huyo!" Bi Siew Hoon, mkuu wa nyumba, akacheka. "Kamaliza sahani mbili sasa hivi. Kila mgeni anamfanyia hivyo hivyo."

Mama keshapandisha mikono ya blauzi. "Jikoni ni wapi?"

Kaka akamshika. "Mama, tulia, tuko ugenini."

Bi Siew Hoon akaingia ndani, akarudi na ungo wa machipukizi ya choroko. "Jiko tumezima, dada. Ila haya ya jioni hayajatolewa mikia. Una mkono mwepesi?"

"Kuliko wako."

Akaketi, akaanza kuchambua, akikata vimizizi kimoja kimoja, na Bwana Ooi akapewa fungu lake. "Wewe! Mikia gani hii umeacha? Unalisha bata?" Miezi mingi sikuwa nimemsikia akigombeza mtu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Kaka alikwenda kukagua. "Geti linafungwa vizuri," akasema. Kisha, kwa masikitiko, "Na vyoo ni visafi."

Wiki iliyofuata tulimhamishia pale. Wakati wa kuaga, yeye na wazee wenzake walikuwa mezani. Mama akaniangalia kwa adabu, kama anavyoangaliwa mgeni, na moyo ukaniuma.

"Umeshakula, binti?"

Maisha yangu yote nimejibu alivyonifundisha yeye.

"Bado, Mama."

Akalivuta bakuli la Bwana Ooi, akalisukuma mbele yangu.

"Songa huko, mnene wewe," akamwambia. "Mwanangu hajala."