Kusoma Mbele ya Mkwe

Darasa letu la watu wazima lina milango miwili, na yote ina kazi. Wa mbele anaingilia Mageni. Wa nyuma anaingilia Mama Violeth, mama mkwe wake. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mwenzake apite. Sasa wote wawili walitaka kujua kusoma, na mtaani kwetu darasa ni hilo moja tu, Jumamosi jioni, watoto wa shule wakishamaliza twisheni. Basi Mageni hukaa dawati la kwanza akatazama ubao. Mama Violeth hungoja nje mpaka mkwe aketi, ndipo anaingia na kukaa nyuma kabisa. Wakiwa na neno la kuambizana hunipitishia mimi, Mama Januari, ninayekaa katikati. Sikuomba kazi hiyo.

Jumamosi hiyo Mageni alikuja na hadithi. Yeye ni mlinzi kwenye karasha, kule mawe ya dhahabu yanakosagwa, na kina mama huja kuvizia mawe yaliyodondoka ili wakayaponde wenyewe. Mwalimu alikuwa hajafika. Mageni akasimama mbele yetu, akatuonyesha jinsi alivyochukua mpira wa maji siku iliyopita akawamwagia, nao wakatawanyika.

"Mmoja akateleza, mtu mzima kabisa," alisema. "Kanga ikamtoka. Sasa badala ya kujisitiri, anaivuta anafunika uso! Mapaja yote nje, uso ndani! Mmeona wapi?"

Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikapiga dawati, na mdomo wangu ukaongeza kwamba labda uso ndio ulikuwa mbaya zaidi. Madirisha ya darasa lile yana nyavu tu, hayana vioo, na Mama Violeth alikuwa nje anangoja mkwe wake aketi. Jambo hilo sikulifikiria hata kidogo.

Mwalimu Leodgar akafika, akatusalimu, tukaketi, na Mama Violeth akaingia kwa mlango wake. Ni kijana wa Ushirombo, hapa jirani, mpole, na ana mchezo wake ambao sisi wote tunaupenda. Anaandika neno moja ubaoni, anapiga makofi, nasi tunaandika lolote linalokuja kichwani. Hakuna kufuta, hakuna kusimama, hakuna kuuliza neno fulani linaandikwaje. Ukikwama unaandika "sina neno, sina neno" mpaka neno lije. Akipiga makofi tena, kalamu chini. Karatasi anazichukua yeye, anakwenda kuzisoma nyumbani kwake peke yake, na hamwambii mtu. Ndiyo maana tulikuwa tunamwandikia mambo ya kweli. Mimi niliwahi kumwandikia kwamba simpendi wifi yangu, na mpaka leo wifi hajui.

Siku hiyo neno lilikuwa "Jana". Tukaandika. Nyuma yangu nilisikia kalamu ya Mama Violeth ikikwaruza bila kupumzika, nikashangaa, maana yeye kwa kawaida ni mtu wa "sina neno".

Mwalimu akakusanya karatasi, lakini hakuziweka kwenye mkoba. Akazichanganya. Alikuwa ametoka semina, akasema, na huko wamefundishwa kwamba mwanafunzi asome kazi ya mwenzake kwa sauti.

"Msiogope, hazina majina," alisema. "Hakuna atakayejua ni ya nani."

Kijana wa watu! Amezaliwa na kukulia huku huku, anajua mkwe ni nini, lakini alidhani karatasi ikikosa jina imekosa na mwenyewe. Akazigawa. Mama Violeth peke yake ndiye anayeandikia karatasi ya hesabu, yenye vyumba, ya daftari la mjukuu wake. Nikaiona ile karatasi ya vyumba inatua juu ya dawati la kwanza.

"Mwalimu," Mama Violeth alisema kwa sauti ndogo, "naomba..."

"Zamu yako inakuja, mama. Haya, Mageni, tufungulie."

Mageni akasimama, kifua mbele. Sisi tunaosoma ukubwani tunaunga silabi kwanza, maana inakuja baadaye, kama mgeni aliyechelewa. Alisoma vizuri, akifuata kwa kidole.

"Ja-na... nilikwenda kuokota mawe. Karashani. Unga u-me-isha." Akameza mate, akafurahi kwamba ameliweza neno. "Mkwe wangu ali-tu-mwa-gia maji."

Mtu mmoja nyuma yangu alivuta pumzi. Mageni hakusikia, alikuwa bado kwenye silabi.

"Nilianguka. Kanga ika-toka. Nilifunika uso, nika... nikaacha mapaja."

Hapo maana ikamfikia. Niliiona ikimfikia, kwa shingo yake, kwa masikio yake. Kidole kilibaki pale pale kwenye karatasi. Nami niliyachukia meno yangu, yaliyokuwa nje muda mfupi uliopita.

"Inatosha, Mageni," Mwalimu alisema. "Inatosha, kaa."

Mageni hakukaa. Nadhani alijua akikaa atakuwa amekiri, na akitoka vilevile. Akaendelea, taratibu kuliko mwanzo.

"A-li-che-ka." Akashusha kidole mstari wa mwisho. "Mungu nisaidie... asijue ni mimi."

Karatasi ilikuwa imekwisha. Alisimama anatazama ubao, na ubaoni palikuwa na lile neno moja tu. Nilitaka kugeuka nimtazame Mama Violeth, nikashindwa. Aibu ilikuwa yake na ya mkwe wake, lakini na mimi nilikuwa na kipande changu, kikubwa tu.

Nikasikia dawati la nyuma likisogea. Mama Violeth alikuwa amesimama. Hakulia. Alisema kwa sauti ile ile anayoitumia siku zote akinituma:

"Mama Januari, mwambie baba amesoma vizuri. Hajakosea hata neno moja."

Mageni alikuwa amesikia, sote tulikuwa tumesikia, lakini neno la mkwe sharti lipite mkononi mwa mtu. Nikasimama. Mageni humwita mkwewe mayu, yaani mama, nami nikalitumia neno hilo.

"Baba, mayu anasema umesoma vizuri."

Mabega ya Mageni yakashuka. Hakugeuka. Machozi yalimdondokea kwenye ile karatasi ya vyumba, na alijaribu kuyafuta kwa kidole asiharibu maandishi.

"Mama Januari," alisema, "mwambie mayu..."

Nikangoja aniambie nimwambie nini. Nyuma yangu mlango wa Mama Violeth ulifunguliwa, ukafungwa, na mimi bado nimesimama pale katikati, nangoja.