Mkono wa Pearl Umenyamaza

Pearl alianguka asubuhi kutoka juu ya tangi la maji, pale kwao New Site, akatua kwa mkono wa kushoto. Ana miaka sita. Mama yake, Scovia, ni wifi yangu, na Scovia akishaamua jambo, usijisumbue. Alimpakia mtoto kwenye boda hadi Gumbo kwa mzee anayeunga mifupa. Mzee akamkunja kiwiko, akapanga vijiti, akakaza vitambaa kwelikweli.

Jioni napita kuwapa pole, nakuta kuku anachemka jikoni. Kuku! Wifi ananiambia mtoto alilia mchana kutwa mpaka majirani wakachoka, lakini sasa maumivu yamekwisha kabisa, Mungu mkubwa. Pearl alikuwa ametulia mkekani. Nikamshika vidole vya ule mkono nimchezeshe. Jamani! Vilikuwa baridi kama samaki, na kucha zimepauka. Nikafinya kimoja. Hata hakugeuka kunitazama.

Sikumwomba Scovia ruhusa. Nilimbeba mtoto hadi zahanati, yeye nyuma anabwata kwamba namharibia mkono mwanawe.

Daktari Cirillo alitafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, hakuyapata. Akachukua mkasi, akakata vitambaa vyote. Mkono ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa. Akatueleza kwa sauti ya chini kwamba mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko, na kwa kukunjwa na kukazwa vile, mshipa umebanwa, damu haishuki. Akachoma kidole kwa sindano. Pearl aliitazama ikiingia, kisha akaniuliza kama ataachiwa kuku. Scovia akaketi sakafuni.

"Kunyamaza kwake si kupona," Cirillo alisema. "Mkono unakufa."

Aliunyoosha taratibu, akauegemeza kwenye gango, kibao cha kushikilia mfupa, bila kuubana. Kuuweka mfupa sawa kungefuata, kwanza damu. Vidole visipopata joto, alisema, itabidi apasuliwe leo hii, na hata hivyo haahidi kitu. Scovia alivipulizia pumzi.

Tulikaa hivyo mpaka nikakata tamaa. Ndipo vidole vikaanza kupata joto, na Pearl akapiga yowe la kutoa watu nje. Scovia, kwa mazoea, akaruka kumnyamazisha. Nikamvuta.

"Mwache alie, wifi."

Alinikodolea macho, halafu akaelewa. Akamwinamia mwanawe, machozi yakimtiririka.

"Lia, mama yangu," alimwambia. "Lia tena."