Gololi Kumi na Nane

"Halizunguki," alisema Loveness, akilisukuma gurudumu la nyuma kwa viganja vyote viwili. "Mama, halizunguki kabisa!"

Dorika alitua sufuria ya mihogo, akaja kulisukuma mwenyewe. Gurudumu likasogea kidogo, likagoma kama mbuzi anayekataa kamba. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa kivulini, kando ya ukuta wa jiko, magurudumu juu na tandiko mchangani. Miezi saba alikuwa akiiunganisha: fremu kutoka kwa shemeji, uma wa mbele wa baiskeli iliyofia Tandahimba, rimu moja mpya na nyingine yenye makunyanzi. Na leo ni Jumamosi. Jumatatu shule inafunguliwa, na Loveness anaanza kidato cha kwanza, kilomita kumi na mbili kutoka nyumbani.

Anselmo, kaka yake Dorika, alishasema, na kwao mjomba akisema jambo la mtoto wa dada yake, amesema. "Jumapili saa tisa nakuja. Kama ipo baiskeli ya kumpeleka na kumrudisha, sawa. Kama haipo, akapange gheto na wenzake karibu na shule."

Dorika hakutaka hata kulisikia hilo neno. Mabinti wa miaka kumi na minne, chumba cha kukodi, mlango wa bati, na hakuna mtu mzima wa kuuliza nani anabisha hodi! Mwaka juzi wasichana wawili wa kijijini walikwenda gheto. Wote wawili walirudi na watoto mgongoni kabla ya kidato cha tatu.

Aliinama kwenye ekseli, akanusa, kisha akakaa kitako mchangani.

"Mungu wangu. Ni mimi."

Ukweli ni kwamba grisi haikuwepo, na Dorika hubangua korosho za watu. Yale mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda anayo kopo zima. Huku kila mtu huyapaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa, naye akajiambia, kama mchwa ameshindwa, kutu ni nani? Wiki tatu zilizopita akayajaza kwenye gololi, akajisifu hadi kwa majirani. Sasa yalikuwa yameganda kama gundi.

"Cheka tu," alimwambia binti yake.

"Sijacheka, mama."

"Unacheka kwa macho. Niletee mafuta ya taa."

Hebu mwone mwanamke huyu. Mwingine angeitupa ile baiskeli kwenye mihogo na kumlaani aliyeibuni. Yeye alifungua nati, akachomoa ekseli, akaanza kuzibandua gololi kwa ncha ya kisu, moja moja, tisa za kulia na tisa za kushoto, akizidondosha kwenye bakuli. Mafuta ya taa yaliyayeyusha yale meusi, na yakiyeyuka ukali wake hurudi. Ngozi ya vidole ikaanza kumbabuka juu ya makovu ya miaka yote ya kubangua. Loveness akanyoosha mkono amsaidie.

"Usiguse! Wewe una madaftari ya kushika."

Alisugua kwa jivu na kitambaa mpaka kila gololi ikang'aa. Kisha akaenda kwa Mzee Mujibu, mwenye mashine ya kusaga.

"Shikamoo, mzee. Naomba grisi kidogo."

"Marahaba, Mama Loveness. Umekuja kusaga au kunifungulia mashine?"

"Mashine yako inanguruma hadi Masasi wanaisikia. Mgonjwa wangu yuko nyumbani."

Mzee akacheka, akamchotea donge zima kwenye kipande cha mfuko.

Jumapili, walipotoka kanisani, gololi zikiwa zimesharudishwa ndani ya grisi, ikabaki kazi ya kukaza nati. Ukikaza mno, gololi zinasaga. Ukilegeza, gurudumu linayumba. Fundi wa sokoni Newala ndiye aliyemfundisha, alipochoshwa na maswali yake na kumuuzia spana kuukuu ili aondoke. Dorika alikaza, akalegeza robo, akafumba macho, akalitikisa gurudumu na kulisikiliza. Akarudia. Mara ya sita likazunguka kimya, na yeye akapiga kigelegele kimoja kifupi, peke yake.

Saa tisa Anselmo akafika na pikipiki, kamba begani.

"Shikamoo, mjomba," alisema Loveness.

"Marahaba. Godoro lako liko wapi nilifunge?"

"Kaka, shikamoo," Dorika aliingilia. "Panda hiyo baiskeli kwanza."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye mzito kuliko wote hapa? Ikikubeba wewe, mtoto atakuwa unyoya."

Anselmo hakuwa amepanda baiskeli kwa miaka tisa. Alikunja suruali, akayumba, akanyooka, akashika njia ya mteremko mpaka asionekane tena. Dorika akavificha vidole ndani ya kanga. Vilikuwa vinawaka moto. Loveness alimsogelea, wakasimama pamoja wakiitazama njia.

Anselmo akarudi akipanda kilima, jasho likimtoka, wala hakusimama.

"Pedali ya kushoto imelegea!" alipiga kelele akiwapita. "Ikazwe leo, asije akaondoka nayo hivyo kesho!"

"Basi shuka, kaka, niikaze!"

"Ngoja kwanza!" sauti ilitoka nyuma ya jiko. Kisha Anselmo akatokea upande wa pili, akawapita tena, miguu imetulia juu ya pedali, baiskeli ikienda yenyewe.